Je, Wajua? Manzese Kila Kitu Kinatoka

Je, wajua kwamba Manzese ya Dar es Salaam ilitoka Kinondoni bila kuhama hata hatua moja? Ilipoundwa Manispaa ya Ubungo, kata ikabadili wilaya, nyumba na maduka ya mitumba vikabaki palepale kando ya Barabara ya Morogoro.

Na humo kwenye mitumba, mteja akiuliza "haitoki rangi?" jibu ni "haitoki", hata kama inatoka. Akiivaa nguo hiyo Jumamosi akapendeza, ametokelezea. Akienda nayo Coco Beach, huo ni mtoko.

Wajua kwamba msanii anayesema "nataka kutoka" haombi kufunguliwa mlango? Anataka wimbo wake upigwe redioni na jina lake lijulikane. Tip Top, sehemu ya Manzese ambako leo kuna kituo cha mwendokasi, jina lake lilibebwa na Tip Top Connection, kundi la hapo hapo lililomtoa Madee, yule Rais wa Manzese. Kwa hesabu za Bongo Fleva, aliyetoka ndiye aliyefika.

Mpirani mambo ni mengine. Simba na Yanga zikitoka sare, kila shabiki anarudi kwake na kinyongo. Timu ikitoka kwenye mashindano, imetolewa.

Matokeo ya mtihani nayo "yametoka", na hapo wapo watakaotokwa na jasho.

Je, wajua kwamba kutoka kukubwa zaidi mjini hapa hakuhitaji nauli? Mjane Mwislamu asiye mjamzito hutoka eda baada ya miezi 4 na siku 10. Mtoto mchanga hutolewa nje arobaini yake ikifika. Kwa Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam, mwali aliyewekwa ndani akafundwa na makungwi hutolewa kwa ngoma na vigelegele, na mtaa mzima hujua kwamba yule si mtoto tena. Safari yenyewe ni ya kutoka chumbani hadi uani, lakini hutayarishwa kuliko safari ya Mwanza.

Wajua kwamba kuondoka, katika Kiswahili cha zamani, kulikuwa pia kuinuka? Mzee akiingia barazani, vijana walimwondokea, yaani walisimama kumpa heshima. Kijana wa leo akimwondokea mzee, ataambiwa hana adabu.

Anayeondoka kwa haraka anasepa, anakula kona, au anatoka nduki. Ukimwambia mtu "toka!" mmeshagombana. Mgeni mstaarabu huomba ruhusa ndipo ainuke, na mwenyeji humuuliza anakimbilia wapi, hata kama chai imekwisha tangu alasiri.

Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aliacha urais kwa hiari yake, na Watanzania wakazoea neno kung'atuka, lenye asili ya Kizanaki, lugha ya kwao Butiama. Limeshaingia kwenye kamusi. Kwenye daladala bado halijaingia: kwa konda, abiria hatoki wala hang'atuki, anashushwa.