Programu ni ya nani: yako au ya fundi?

Huenda nawe una kijana nyumbani anayetaka kufungua kampuni ya teknolojia. Wazo analo, akiba kidogo anayo, lakini kuandika programu ya kompyuta hajui. Wengi wa aina hii hutafuta fundi wa nje na kumpa kazi kwa kandarasi. Si jambo baya. Ila kuna swali la kujibiwa kabla ya senti ya kwanza kutoka mfukoni: programu ikikamilika itakuwa mali ya nani?

Chukua mfano wa Skype, huduma iliyowawezesha watu kupigiana simu kwa intaneti. Ilianzishwa mwaka 2003 na Niklas Zennström wa Uswidi na Janus Friis wa Denmark. Programu yenyewe iliandikwa na wataalamu wa Estonia, miongoni mwao Ahti Heinla, Priit Kasesalu na Jaan Tallinn. Hawa hawakuambulia ujira tu. Walipata na hisa.

Mwaka 2005 eBay ya Marekani iliinunua Skype kwa dola bilioni 2.6. Kumbe kiini cha programu, kilichounganisha kompyuta za wateja, hakikuwamo katika mauzo! Kilikuwa mali ya Joltid, kampuni nyingine ya Zennström na Friis, na Skype ilikitumia kwa leseni tu. Kufikia mwaka 2009, eBay ilipotaka kuuza sehemu kubwa ya Skype, ugomvi ulikuwa mahakamani. Ulimalizika Novemba kwa mapatano: Skype ikapata kiini, na waanzilishi wakapata hisa.

Ikiwa kampuni tajiri yenye mawakili tele ilijikwaa hivyo, sembuse kijana wako?

Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta. Lakini sheria haikufungulii mlango ikiwa funguo anazo fundi. Kwa hivyo andikianeni mkataba unaotaja mwenye mali. Lipa kwa awamu, na kila awamu ukabidhiwe maandishi yote ya programu. Anwani ya tovuti isajiliwe kwa jina lako, na maneno ya siri uwe nayo. Kisha muulize fundi ikiwa ametumia kazi ya mtu mwingine, na kwa ruhusa gani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana akija kuomba mtaji, usimuulize faida kwanza. Muulize, "Mkataba uko wapi?"