Mvua ya Lear, Vidaka vya Pate

Mwanafunzi wa kidato cha nne akikuta katika hadithi kwamba mbingu zimefunga na radi zinapiga usiku ambao mhusika mkuu amefiwa, anajua la kuandika: tashihisi, au mandhari inayoakisi huzuni ya mhusika. Msahihishaji anampa alama zake, na mambo yanaishia hapo. Jibu si baya. Ila limesimama palepale ambapo maswali yangeanza. Ni nani aliyeiona mbingu hiyo kuwa na huzuni? Mtunzi, msimulizi, au yule mfiwa mwenyewe?

Mhakiki Mwingereza John Ruskin alilishughulikia jambo hili mwaka 1856, katika juzuu ya tatu ya kitabu chake Modern Painters. Alichukua mfano wa povu la bahari ambalo mtunzi mmoja alilieleza kuwa ni katili na linatambaa. Povu halina ukatili, akasema Ruskin, wala halitambai. Anayeliona hivyo ni mtu ambaye majonzi yameishinda akili yake. Aliihesabu tabia hiyo kuwa kosa, na akamweka mshairi Mwitaliano Dante daraja la juu kwa sababu Dante, hata anapofananisha roho zinazoporomoka na majani yanayopukutika, hasahau kwamba roho ni roho na jani ni jani.

Naona Ruskin alikaza mno. Kile alichokiona kuwa udhaifu wa mshairi ni kipimajoto kizuri mikononi mwa mwandishi wa tamthilia au riwaya. Mnyeshee mhusika mvua, kisha sikiliza anaisemaje, utajua homa yake imefika wapi.

Shakespeare alifanya hivyo hasa katika King Lear, tamthilia ya mwaka 1605 au 1606 hivi. Mfalme mzee amewagawia ufalme mabinti wawili waliojua kumsifu, akamnyima wa tatu ambaye hakutaka kupamba maneno. Haupiti muda mrefu, wale wawili wanampunguzia wafuasi, wanamfanya ajione mzigo, na usiku wa dhoruba lango linafungwa yeye akiwa nje. Tendo la tatu linamkuta nyikani, kichwa wazi, na mchekeshaji wake ubavuni.

Kila kitabu cha mwongozo kitakuambia kwamba dhoruba hiyo ni kioo cha akili inayovurugika. Ni kweli, lakini fuatilia jinsi Lear anavyoisemesha. Kwanza anaichochea: ivume, izamishe minara ya makanisa, iibamize dunia mpaka iwe bapa. Baadaye kidogo anageuka mtu wa haki. Anaziambia mvua na radi kwamba hazilaumu, kwa maana hakuzipa ufalme wala hakuziita watoto wake. Hazina deni lolote kwake. Na kabla hajamaliza maneno hayo amekwisha kubadilika tena: sasa anaziona ni vibaraka waliojiunga na mabinti wale kumpiga mzee mwenye mvi. Mvua ni ileile, haikupungua wala haikuongezeka. Kilichohama ni moyo wa Lear, umetoka kwenye hasira, ukapita kwenye uadilifu, ukaangukia kujihurumia, yote hayo ndani ya pumzi chache. Kwa hiyo anayesema tu kwamba dhoruba ni ishara ya hasira amesoma theluthi moja.

Halafu linakuja jambo ambalo watunzi wengi wa dhoruba hawalithubutu: mvua inaachwa iwe mvua. Lear anahisi akili inaanza kumponyoka, anamgeukia mchekeshaji wake na kumuuliza kama anasikia baridi. Anakiri kuwa hata yeye anaisikia. Wanapofika kwenye kibanda anamtanguliza mwenzake ndani, mwenyewe anabaki mlangoni akiwafikiria maskini wa nchi yake wasio na paa, wenye matambara yaliyojaa matundu, wanaolowa usiku kama huo. Anajisuta kwamba alipokuwa na enzi hakuwajali vya kutosha. Dhoruba iliyokuwa ikizungumza habari zake peke yake imeanza kuwanyeshea na wengine. Kwangu mimi kilele cha tendo hilo kiko hapo, wala si kwenye ngurumo.

Kando ya Lear huwa naiweka Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ndani yake mna picha za hali ya hewa tulizozizoea: dunia ni bahari iliyochafuka, uhai ni taa iliyowekwa kwenye upepo. Lakini mtunzi anapofika kwenye majumba ya Pate, mji uliotajirika kwa biashara ya baharini kisha ukafilisika, mbingu anaziacha kabisa. Anaingia ndani na kuangalia. Vidaka vya ukutani vilivyokuwa vimepangwa vyombo vya kauri sasa vina makinda ya ndege. Kumbi zilizojaa wageni na taa zimeachiwa ngende, mende na bundi.

Hapo hakuna kiumbe hata kimoja kinachomlilia mwenye nyumba. Ngende analia kwa kuwa usiku umeingia naye amepata pa kukaa. Ndege amejenga kwenye kidaka kwa sababu kinamkinga na jua. Mtunzi, ambaye nia yake ni kuuonya moyo wake mwenyewe uache kuikumbatia dunia, amegundua kwamba maumbile yasiyotujali yanaumiza kuliko maumbile yanayolia pamoja nasi. Angeinyeshea Pate mvua ya maombolezo, tungepata faraja kidogo, na faraja ndiyo asiyotaka kutupa.

Huku kwetu siku hizi tunaazima sana. Filamu ikifika makaburini, lazima mawingu yatande na miavuli myeusi ifunguke, kama vile marehemu anazikwa London. Charles Dickens alipoufunika mji huo kwa ukungu mwanzoni mwa Bleak House, riwaya ya mwaka 1852 na 1853, hakwenda mbali kuutafuta: moshi wa makaa ya mawe uliuleta hadi mlangoni pake, naye akaiweka katikati yake mahakama iliyozungusha kesi ya mirathi miaka nenda miaka rudi. Sisi tunauchukua ukungu wake bila makaa yake.

Mvua ya Dodoma, penye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, kwa mkulima wa mtama ni chakula. Ikinyesha siku ya maziko, wapo watakaosema marehemu ameondoka na baraka. Wingu zito la masika likionekana Jangwani, Dar es Salaam, watu wa Bonde la Msimbazi wanaanza kupandisha magodoro juu ya kabati. Na katika miji ya pwani enzi za majahazi, kaskazi ilileta mabaharia wa Arabuni na Ghuba, kusi ikawarudisha makwao. Mke aliyeachwa bandarini angeweza kuagana na mumewe asubuhi ya jua zuri na bahari shwari, upepo mwanana ukijaza tanga. Mwandishi anayeijua kalenda hiyo hahitaji radi hata moja.

Jua nalo lina msiba wake. Katika L'Étranger, riwaya ya Albert Camus ya mwaka 1942, Meursault anamzika mama yake kwenye joto la Algeria, na joto linamsumbua kuliko msiba. Baadaye, ufukweni, jasho la nyusi likiwa limemfunika macho na jua likimpiga usoni, anampiga risasi Mwarabu mmoja na kumuua. Mahakamani anaulizwa sababu. Anasema ni jua, na watu wanacheka. Wahakiki wamelijadili jua hilo sana: wengine wanasema ni hasira, wengine ni kumbukumbu ya mama, wengine ni upuuzi wa maisha. Mimi naliona ni jua linalochoma, lililoshika nafasi ya hisia ambazo Meursault hana au hataki kuzitaja. Ila ni jua lake yeye tu. Tofauti na Lear mlangoni pa kibanda, haimpitii akilini kwamba aliyelala mchangani alikuwa chini ya jua hilohilo, na riwaya nzima haimpi mtu huyo hata jina. Mwaka 2013 mwandishi wa Algeria Kamel Daoud alitoa riwaya inayosimuliwa na mdogo wa marehemu. Humo aliyeuawa anaitwa Moussa.