Ndege ya Longyearbyen

Kwenye ramani ya dunia iliyochorwa kwa mtindo wa Mercator, safari ya kutoka Tromsø, kaskazini mwa Norway, hadi Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard inatisha. Ukiipima kwa rula, inakaribia mara nne ya safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Angani mambo ni mengine: Dar hadi Mwanza ni takriban kilomita 850, na Tromsø hadi Longyearbyen ni kama 960 tu.

Rula haina kosa. Mwaka 1569 Gerardus Mercator aliitandaza dunia ya mviringo juu ya karatasi bapa, na ili mabaharia wasipotee njia ilibidi ayavute maeneo ya karibu na ncha. Nyuzi moja ya longitudo, ambayo kwenye ikweta ina upana wa kilomita 111, hubaki na kilomita 23 hivi ukifika Longyearbyen. Ramani yake huzichora zote kwa upana uleule.

Hesabu ya rubani ni nyepesi zaidi. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini. Kiwanja cha Tromsø kipo kwenye nyuzi 69 na dakika 41 kaskazini, cha Longyearbyen nyuzi 78 na dakika 15. Toa, unapata dakika 514. Njia inaelekea karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo maili zenyewe zinazidi hapo kidogo sana.

Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, masafa hayo ni saa 1 na dakika 12. Ratiba husema kama saa 1 na dakika 40, maana ndege hutambaa kwanza kiwanjani, hupanda, kisha hupunguza mwendo na kujipanga kabla ya kutua.

Ugumu hasa umo katikati, ambako hamna kitu. Chini ni bahari, na kisiwa cha Bjørnøya chenye kituo cha hali ya hewa na watu wachache, bila mahali ambapo ndege kubwa ya abiria ingetua. Ukungu ukifunga Longyearbyen, hakuna kiwanja jirani cha kukimbilia; ndege hurudi bara, na mafuta ya kurudia lazima yawemo tangu mwanzo. Hata lami ya kutulia haitulii. Kiwanja hicho, kilichofunguliwa mwaka 1975, kimejengwa juu ya ardhi iliyoganda, ambayo tabaka lake la juu likiyeyuka na kuganda tena huinua lami hapa na kuizamisha pale.

Abiria anayefika salama hupokelewa na dubu mweupe aliyekaushwa, amesimama juu ya mkanda wa mizigo. Nje kuna nguzo yenye vibao vya umbali hadi miji ya mbali. Kutoka hapo, Ncha ya Kaskazini imebakiza kilomita 1,300 hivi.

Mlimani, juu kidogo ya kiwanja, kuna mlango wa ghala la mbegu la dunia. Februari 2008 Wangari Maathai wa Kenya, pamoja na Jens Stoltenberg, waziri mkuu wa Norway wakati huo, waliingiza humo sanduku la kwanza. Waliochagua mahali hapo walitaka baridi na upweke, lakini pia walitaka ndege ya abiria inayofika kwa ratiba, ili masanduku kutoka pembe zote za dunia yapate njia ya kufika.