Tanuri Linalooka Moto Ukishatolewa

Mkate wa tanuri la matofali hauokwi na moto, unaokwa na matofali. Moto kazi yake imekwisha kabla: umewaka saa mbili tatu ndani ya kuba, makaa yamekokotwa nje, sakafu imepanguswa kwa tambara bichi, ndipo madonge ya unga yanapoingia. Anayejenga tanuri uani kwake Ilemela au Kisesa bila kulijua hilo huishia na mafiga yenye paa, kisha analalamika kuwa linakula kuni.

Angalia kuba kwa ndani moto ukianza kushika. Lote hupakwa masizi meusi tii, na asiyelizoea hudhani tanuri limeharibika. Aendelee kuchochea. Masizi ni kaboni iliyokosa joto na hewa ya kuimalizia, basi matofali yakipita nyuzijoto 350 hivi, masizi nayo huanza kuungua. Weusi hutoweka kwanza juu kabisa, katikati ya kuba, halafu mpaka wake unashuka polepole pande zote kuelekea sakafuni na tofali linarudia rangi yake. Hakuna haja ya kipimajoto. Palipobaki peusi, joto halijafika.

Hayo yote hutegemea mlango. Ndani ya kuba hamna dohani: hewa baridi huingia kwa chini ya mlango, hupita sakafuni hadi nyuma, na moshi hurudi ukiambaa dari na kutoka kwa juu ya mlango uleule. Mlango ukiwa mrefu mno, joto linatoroka pamoja na moshi; ukiwa mfupi mno, moto unakosa pumzi. Wajenzi wengi hushika asilimia 63 ya kimo cha kuba, yaani kuba la sentimita 40 lipate mlango wa sentimita 25. Ufundi huu wa kuba si mgeni duniani: matanuri ya mkate ya Pompeii, yaliyofukiwa na volkano mwaka 79, bado yamesimama.

Kwa kuwa Mwanza ni jiji la miamba, mtu hutamani kutandika sakafu kwa mawe ya bure. Asithubutu. Wavunja kokoto wanaokoka moto juu ya mwamba ili upasuke wanajua kinachotokea: madini yaliyomo ndani ya graniti hayatanuki kwa kiasi kimoja, na kwatzi hubadili umbo ghafla ikifika nyuzijoto 573. Saruji nayo haifai ndani ya kuba, kwa sababu moto mkali huifukuzia maji yaliyoifanya iwe ngumu, ikaanza kumomonyoka. Fundi atabisha. Mwambie alete udongo wa kichuguu, ambao mchwa wamekwisha kuuchambua, auchanganye na mchanga. Matofali ya kuchoma ya kawaida yanatosha.

Sasa linaloniudhi. Tofali likishiba joto hulimwaga nje usiku kucha lisipovikwa kitu, na kitu hicho tunakitupa. Kwenye mashine za kukoboa mpunga za Magu na Misungwi pumba hurundikana hadi zichomwe ili tu zipishe nafasi. Majivu yake ni silika kwa zaidi ya asilimia 85, mepesi, yenye vitundu tele, na joto hupenya humo kwa shida sana. Yachanganye na udongo kidogo, upake juu ya kuba unene wa sentimita 10 hadi 15, na uweke mengine chini ya sakafu kabla ya kuitandika, mahali ambapo karibu kila mtu hupasahau. Kisha washa vijimoto vidogo siku kadhaa unyevu utoke taratibu, la sivyo kuba litapasuka.

Najua watakaouliza kwa nini nisifu kuni leo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na sina ugomvi nao. Ukanda wa ziwa umeshalipa vya kutosha: sangara, aliyepandikizwa katikati ya karne iliyopita, ana mafuta mengi mno kukaushwa juani kama dagaa, akawa wa kubanikwa, na miti ikaenda. Tanuri tupu lisilovikwa halistahili hata kijiti kimoja. Lililovikwa, linalowashwa mara moja kwa juma kwa ajili ya nyumba tatu nne za jirani, nitalitetea.

Sharti joto lote litumike. Mikate bapa mwanzo, kuba likiwaka, mikate ya kawaida na skonzi likishuka hadi nyuzijoto 230 hivi, sato mzima kwenye trei, viazi vitamu, chungu cha maharage cha kulala humo, karanga, michembe mvua zikizuia kuianika, halafu kuni za awamu ijayo zikauke, mlango ukiachwa wazi kidogo.