Mwili Unapojipiga Vita: Kwa Nini Wanawake Huelemewa Zaidi, na Umri Una Taathira Gani?



Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili askari wa kuulinda dhidi ya vijidudu. Lakini yako maradhi ambayo askari hao hupotewa, wakaishambulia nyumba waliyowekwa kuilinda. Wakivamia viungo, matokeo yake huwa baridi yabisi. Na hapa sikusudii kila maumivu ya viungo, kama tulivyozoea kuita, bali ugonjwa maalumu unaovimbisha na kulemaza. Wakivamia ngozi, figo na damu kwa pamoja, huenda ikawa ni lupasi.

Katika kila wagonjwa watano wa maradhi ya namna hii, takriban wanne ni wanawake. Kwa lupasi ni tisa katika kumi, na wengi huanza kuugua baina ya miaka 15 na 44, yaani umri wa kuolewa na kuzaa. Baridi yabisi huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume.

Sababu ni zaidi ya moja. Homoni za kike huichangamsha kinga, na hiyo ni neema mbele ya maambukizi, ila huwa na gharama yake. Tena mwanamke ana kromosomu mbili za X, na mwanamume anayo moja. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba molekuli inayoizima X moja ya mwanamke inaweza yenyewe kuichokoza kinga.

Ama umri, nao una hukumu yake. Nyuma ya kidari iko tezi ya thaimasi, ambayo ni madrasa ya askari hao: humo hufunzwa kumtambua mwenyeji na adui. Tezi hii husinyaa kadiri miaka inavyosonga. Ndiyo maana mzee huweza kushindwa na homa ya mapafu, na papo hapo kinga yake ikazidi kukosea shabaha. Baada ya hedhi kukoma, pengo la lupasi baina ya wanawake na wanaume hupungua. Lakini baridi yabisi huendelea kuwaandama akina mama hata uzeeni. Wanaume nao hawakusalimika: kijana anayeumwa mgongo akilala na kupata nafuu akitembea, naye apimwe.

Tuwatazame ndugu zetu wa Kitui na Makueni, kuanzia Mtito Andei na Kibwezi hadi Mutomo. Huko mama hushika jembe katika ardhi kavu, na kiangazi huchimba mchanga wa mto uliokauka ili apate maji. Mikono yake ndiyo mtaji wake. Akisema vidole havikunjuki asubuhi, huambiwa ni kazi, au ni uzee. Akichoka, huitwa mvivu. Mimba zikiharibika mara kwa mara, hushukiwa jini, na pengine hutishiwa talaka. Kumbe huenda damu yake inaganda kwa sababu ya kinga iliyopotoka, jambo lenye tiba.

Basi zijueni dalili hizi: viungo vidogo vya mikono yote miwili kuvimba, na ugumu wa asubuhi unaozidi nusu saa, upele wa mashavuni unaochochewa na jua, vidonda vya kinywa, nywele kunyonyoka, na uchovu usioisha. Zikidumu wiki sita, mgonjwa asingoje. Aanzie hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui mjini au Wote, aombe vipimo vya damu na mkojo. Madaktari bingwa wa maradhi haya ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi. Kwa hiyo barua ya rufaa isicheleweshwe, kwani viungo vikishaharibika havirudi vilivyokuwa.

Mwenye lupasi ajikinge na jua. Mtandio na nguo ndefu humfaa sana. Asiache dawa ghafla kwa kuwa amepata nafuu. Akitaka kushika mimba, amshauri tabibu kwanza, kwani ni salama zaidi ugonjwa ukiwa umetulia miezi sita. Mwenye baridi yabisi naye hupata nafuu mara nyingi akiwa mjamzito, kisha maumivu humrudia baada ya kujifungua. Jamaa wasimwache peke yake na mtoto mchanga. Na ikiwa saumu itamdhuru, sheria imempa mgonjwa ruhusa. Asione haya kuichukua.

Enyi waume, nauli ya kumpeleka mke hospitali ni sehemu ya wajibu wenu. Anaposema anaumwa, msadikini kwanza, kisha mpelekeni.