Kuachishwa mashine ya kupumulia si kukatiwa tamaa

Kutoka Mahoko, wilayani Rubavu, hadi hospitali kubwa za rufaa za Kigali ni mwendo wa zaidi ya kilomita 130. Ndugu wasioweza kusafiri hupata habari za mgonjwa wao mahututi kwa simu. Wakiambiwa kwamba ameanza kuachishwa mashine ya kupumulia, huenda wakaingiwa na hofu, wakidhani matumaini yamekwisha. Maana yake ni kinyume cha hayo: madaktari wameona dalili kwamba anaweza kupumua tena kwa nguvu zake mwenyewe.

Kusitisha tiba kwa mgonjwa asiye na tumaini la kupona ni uamuzi mwingine kabisa. Familia ina haki ya kuuliza ni lipi kati ya mambo hayo mawili linalozungumzwa.

Kwa nini asiachwe apumzike?

Mashine husukuma hewa yenye oksijeni hadi mapafuni kupitia mpira uliopitishwa mdomoni. Huokoa maisha, lakini kila siku inayozidi ina madhara yake. Kiwambo, yaani msuli mkuu wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hudhoofika usipofanya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa nyuzi za msuli huo hukonda sana baada ya kulala bila kazi kwa saa 18 hadi 69 tu. Mpira nao huwapa vijidudu njia ya kuingia mapafuni na kusababisha nimonia.

Haraka nayo ina hatari yake. Kati ya wagonjwa 100 waliofaulu jaribio na kutolewa mpira, 10 hadi 20 hivi hulazimika kurudishiwa.

Jaribio la kila siku

Kwanza, ugonjwa uliomfikisha hapo uwe umeanza kupungua, shinikizo la damu liwe limetulia, na mahitaji yake ya oksijeni yawe yameshuka. Dawa za usingizi hupunguzwa au kusimamishwa ili aamke. Kisha msaada wa mashine hupunguzwa hadi kiwango cha chini kabisa, naye huachwa apumue mwenyewe kwa dakika 30 hadi 120 huku akiangaliwa kwa makini.

Akihema upesi mno, akitokwa jasho jingi, akihangaika au oksijeni ikishuka, jaribio husimamishwa na mashine humpumzisha hadi kesho yake. Kushindwa siku moja si hukumu. Akifaulu, madaktari hupima pia kama anaweza kukohoa na kutoa makohozi, ndipo mpira utolewe.

Utafiti uliofanywa Hispania na kuchapishwa mwaka 1995 ulibaini kuwa jaribio moja tu kwa siku liliwaachisha wagonjwa mashine kwa kasi ya takriban mara tatu kuliko njia ya kupunguza polepole idadi ya pumzi zinazotolewa na mashine.

Somo kutoka Kigali

Kazi hii hudai zaidi macho ya muuguzi, saa na kifaa cha kupimia oksijeni kinachobanwa kidoleni. Rwanda imewahi kuuonyesha ulimwengu thamani ya vipimo rahisi. Mwaka 2016, watafiti waliochunguza wagonjwa wa Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali, CHUK, walichapisha vigezo vya kutambua kushindwa vibaya kwa mapafu kwa kutumia kifaa hicho cha kidoleni na picha za mawimbi ya sauti, bila kutegemea vipimo vya damu ya mshipa wa ateri. Mawazo hayo yameingia katika maelezo mapya ya kimataifa ya ugonjwa huo.

Vitanda vya wagonjwa mahututi ni vichache. Mgonjwa anayeachishwa mashine kwa wakati ufaao hujiokoa na madhara yake, na humwachia nafasi mwingine anayeihitaji. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari kila siku ni hili: je, leo amejaribiwa kupumua mwenyewe, na kama bado, ni nini kinachozuia?