Bughudha ya Kijinsia Kazini (Sehemu ya Pili): Anapobughudhi Mfanyakazi Mwenza

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilimhusu bosi anayetumia cheo chake kudai mapenzi, jambo linalojulikana zaidi nchini Tanzania kwa jina la rushwa ya ngono, na ambalo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelifanya kuwa kosa la jinai. Sehemu hii inamshughulikia mtu wa aina nyingine, yaani mfanyakazi mwenza asiye na uwezo wa kumpandisha mwenzake cheo wala kumfukuza, ambaye hata hivyo humwandama kwa maneno, meseji au mikono mtu asiyemtaka. Huyu huwatatiza wengi kuliko bosi, kwa sababu mwenye kubughudhiwa naye huambiwa na kila mtu, wakiwamo marafiki zake wa karibu, kwamba jambo hilo ni dogo na kwamba mtu mzima hashindwi kulimaliza mwenyewe.

Bughudha ya kijinsia, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni mwenendo wa kimapenzi au wa kingono, uwe wa maneno, maandishi, picha au vitendo, ambao anayeelekezewa hakuukaribisha na ambao unamvuruga katika kazi yake au kumvunjia heshima mahali anapoifanyia. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Meritor Savings Bank dhidi ya Vinson lililoamuliwa mwaka 1986, ilitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa, nayo ni kama mtu alishiriki kwa hiari na kama aliukaribisha mwenendo wenyewe. Mahakama ilishikilia kwamba swali la msingi ni hilo la pili, kwa kuwa mtu anaweza kuitikia jambo kwa kukilinda kibarua chake huku moyoni hakulitaka hata chembe. Shauri lile lilimhusu msimamizi na mtu aliye chini yake, lakini tofauti hiyo inafaa pia kwa walio sawa, kwani anayecheka kidogo ili maneno yapite, au anayejibu meseji ya usiku kwa neno moja la adabu, hajakaribisha chochote.

Hayo hayana maana kwamba mapenzi yamepigwa marufuku ofisini. Watu hukutana kazini, hupendana na huoana, na mwaliko mmoja wa heshima, ukikataliwa na mwalikaji akakubali kukataliwa, si bughudha kwa kipimo chochote. Tatizo huanzia pale jibu linapotolewa na kutosikiwa, na hapa pana mazoea mawili ya jamii za Waswahili na jirani zao yanayostahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni imani kwamba mwanamke akikataa huwa anaringa tu, na kwamba mwanamume wa kweli hakati tamaa, imani inayoligeuza kila katazo kuwa mwaliko wa kujaribu tena kesho. La pili ni kinga ya utani. Mwenye kubughudhi akiulizwa hujibu kwamba alikuwa akitania, na huenda akaongeza kwamba yeye na mwenzake ni watani wa jadi, kama walivyo Wangoni na Wahehe au Wachaga na Wapare. Utani wa jadi, hata hivyo, una kanuni zake: huchezwa mbele za watu, pande zote mbili huruhusiwa kurudisha, na anayetaniwa ana uhuru uleule wa anayetania. Anayemwita mwenzake "mke wangu" wakiwa wawili tu kwenye chumba cha majalada, kisha akanuna anapojibiwa kwa ukali, ameshautoka utani zamani.

Sheria za nchi za Afrika Mashariki hazilitazami jambo hili kwa namna moja, na tofauti yake ina uzito kwa mtu anayetaka kujua aanzie mlango gani. Nchini Kenya, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 kinamtia hatiani mwenye mamlaka au mwenye wadhifa wa umma anayeendelea kumtaka mtu kingono huku akijua, au akiwa na sababu za kutosha za kujua, kwamba hatakiwi, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Karani wa kampuni binafsi anayemsumbua karani mwenzake haingii kwa urahisi katika kifungu hicho, isipokuwa pale matendo yake yanapofikia kosa jingine, kama kumshika mtu mwili bila ridhaa yake. Anakutwa waziwazi, badala yake, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo katika kifungu cha 6 inamtaja mfanyakazi mwenza pamoja na mwajiri na mwakilishi wake, na inataja lugha ya kingono ya mdomo au ya maandishi, picha za kingono, na tabia ya kimwili isiyokaribishwa inayoathiri ajira ya mtu, utendaji wake au ridhiko lake kazini. Sheria hiyohiyo inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa, baada ya kushauriana nao, tamko la sera linaloeleza bughudha ya kijinsia ni nini, malalamiko yapelekwe wapi na adhabu zipi zitafuata, na linaloahidi kwamba jina la mlalamikaji halitatolewa ila pale uchunguzi au hatua za nidhamu zinapolazimu. Tanzania, kwa upande wake, iliingiza kosa la udhalilishaji wa kijinsia katika Kanuni ya Adhabu kupitia sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, na kosa hilo linamgusa mtu yeyote anayemletea mwenzake kero ya kingono kwa maneno au vitendo, ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaihesabu bughudha kwa msingi wa jinsi au jinsia kuwa aina ya ubaguzi.

Kwa hiyo suala la mfanyakazi mwenza, kabla ya kuwa suala la polisi, ni suala la mwajiri, na mwajiri hawezi kuwajibishwa kwa urahisi kwa jambo ambalo hakuna kinachoonyesha kwamba alilijua. Hapo ndipo maandishi yanapokuwa na thamani kuliko ujasiri. Hatua ya kwanza, pale ambapo haina hatari, ni kumwambia mhusika kwa maneno yasiyo na mlango wa pembeni, na ikiwezekana kwa meseji, kwa mfano: "Sitaki uniandikie wala uniambie mambo ya mapenzi. Tuwasiliane kwa ya kazi tu." Meseji kama hiyo haina tusi, haitoi sababu na haimtaji mume wala mchumba, na ni vizuri isimtaje, kwa sababu anayekataa kwa kisingizio cha mchumba humwachia mwenzake nafasi ya kusubiri wachumba waachane. Hatua ya pili ni kuweka daftari lisiloachwa kwenye meza ya ofisi, ambamo kila tukio linaandikwa siku ileile kwa tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na majina ya waliokuwapo. Meseji za upande wa pili hazifutwi hata zikichefua, na zinapigwa picha pamoja na tarehe zake, kwa kuwa mtumaji anaweza kuzifuta wakati wowote. Hatua ya tatu ni barua ya malalamiko kwa afisa rasilimali watu au msimamizi, ambayo mlalamikaji hubaki na nakala yake iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, na pale penye chama cha wafanyakazi nakala nyingine hupewa kiongozi wa tawi.

Baadhi ya waajiri hujitoa kwa kusema kwamba tukio halikutokea ofisini. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019 na ambao Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2023, umeifunga njia hiyo kwa kutaja safari za kikazi, mafunzo, hafla zinazohusiana na kazi, malazi yanayotolewa na mwajiri na mawasiliano ya simu na mitandao. Wengine hulimaliza jambo kwa kumhamisha aliyelalamika, ati kwa usalama wake, na huo ni uamuzi mbovu, kwa sababu unampa adhabu asiyekosa na kuwafundisha waliobaki kunyamaza. Anayetuhumiwa naye, mwanamume au mwanamke, ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, na kama pana ulazima wa kuwatenganisha wakati uchunguzi ukiendelea, anayepaswa kusogezwa kwanza, bila kukatwa mshahara, ni yeye.

Yapo mazingira ambamo mwajiri hupokea barua na kuifungia kabatini, na mfanyakazi akaona heri aondoke. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya sheria ya kazi ya Tanzania, zinataja bughudha ya kijinsia, pamoja na mwajiri kushindwa kumkinga mfanyakazi dhidi yake, kuwa miongoni mwa sababu za kutosha za kuhesabu kwamba aliyeacha kazi alilazimishwa kuacha, na hivyo anaweza kudai kama aliyeachishwa. Dai hilo hudhoofishwa na mkono wa mdai mwenyewe pale barua ya kuacha kazi inaposema "kwa sababu binafsi", maneno ambayo wengi huyaandika kwa adabu au ili wapewe barua nzuri ya utambulisho. Barua itaje bughudha, itaje tarehe za malalamiko, na itaje kwamba hayakushughulikiwa. Baada ya hapo muda unahesabiwa: mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30 na migogoro mingine ndani ya siku 60, na anayechelewa lazima aeleze sababu za kuchelewa kwake kabla shauri lenyewe halijasikilizwa. Nchini Kenya, dai linalotokana na mkataba wa ajira lina miaka 3, ila kwa madhara yanayoendelea ni miezi 12 tangu yalipokoma.